Mafuta ya mimea ya visiwani kwetu na ngozi nyeti: tuzungumzie kiasi, ukamuaji na muda wa kukaa mwilini

Bint Konde (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu swali moja linarudi kila mara katika mijadala ya urembo na afya hapa kwetu Zanzibar: je, mafuta ya karafuu, ya mlangilangi, ya mchaichai au ya habbasoda yanamfaa mtu mwenye ngozi nyeti? Majibu yanayotolewa aghlabu ni mawili. Wapo wanaosema kila kitokacho shambani ni salama kwa kuwa ni cha asili, na wapo wanaosema tuyaache yote tununue vya dukani. Mimi natengeneza mafuta ya mwili na singo, yaani mchanganyiko wa maua na viungo wa kusugulia mwili, kwa ajili ya mabiharusi, na kabla ya hapo nilisoma kemia. Naona majibu yote mawili yanalikwepa jambo lenyewe. Mmea haudhuru wala hauponyi kwa jina lake. Kinachoamua ni kiasi cha kemikali zake kinachofika kwenye ngozi, namna zilivyotolewa, muda zinaokaa mwilini, na hali ya ngozi inayozipokea.

Kwamba asili nayo hudhuru, sidhani kama yupo wa kubisha. Mtoto yeyote aliyekulia shamba anaujua upupu, anajua namna utomvu wa embe unavyobabua midomo, na anajua kwa nini korosho haibanjwi kwa meno kabla ya kuchomwa. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja, na vinavyobabua ni viini vya mafuta vilivyomo katika utomvu na katika ganda. Hakuna aliyevitia kiwandani.

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa kimataifa wanaochunguza mwasho liliieleza ngozi nyeti kuwa ni ile inayohisi mchomo, moto, maumivu au mwasho kutokana na vitu ambavyo kwa kawaida havipaswi kumsumbua mtu, hata kama kwa macho haionekani kuwa na kasoro. Utando wa nje wa ngozi ya namna hiyo mara nyingi huwa umedhoofika, kwa hiyo maji ya mwili hutoka kwa wepesi na vitu vya nje huingia kwa wepesi. Mwenye ukurutu au pumu ya ngozi ana tatizo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Ndiyo maana mafuta yale yale humkaa vizuri dada mtu, na mdogo wake akayapaka akakesha anajikuna.

Tutenganishe pia mambo mawili ambayo wengi wetu tunayaita kwa jina moja la aleji. La kwanza ni kuunguzwa: kitu kikali kimewekwa kwa wingi, ngozi inachoma papo hapo au baada ya saa chache, na kikizimuliwa vya kutosha mtu huenda asidhurike tena. La pili ni aleji yenyewe, ambayo ni kazi ya kinga ya mwili. Hii haiji siku ya kwanza. Mwili hukizoea kitu kama adui polepole, pengine baada ya miezi ya kukitumia bila shida, na siku ukishakitambua, vipele na mwasho hutokea saa 24 hadi 72 baada ya kupaka. Aleji ya namna hii aghlabu haiondoki maishani, na kiasi kidogo sana kinatosha kuiamsha. Kwa hiyo mtu anaposema "nimepaka mwaka mzima, haiwezi kuwa mafuta haya," maneno yake hayayaondoi mafuta hayo katika shaka.

Nitakaa zaidi kwenye karafuu, kwa sababu ndiyo ya kwetu na ndiyo inayouzwa sana sasa katika vichupa. Karafuu kavu ina mafuta ya kunukia kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90, ni kemikali moja iitwayo eujenoli. Mafuta yanayokenekwa (yaani kutolewa kwa mvuke) kutokana na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mara nyingi huwa na eujenoli nyingi zaidi. Tufanye hesabu ya kukadiria. Karafuu moja kavu ina uzito wa gramu 0.1 au pungufu kidogo, na tone moja la mafuta lina uzito wa gramu 0.05 hivi. Maana yake tone moja limebeba mafuta ya karafuu tatu au nne, na kijiko kimoja cha chai, ambacho ni matone 100 hivi, kimebeba mafuta ya karafuu 300 hadi 400. Sasa mfikirie mtu anayemimina kijiko kizima ndani ya chupa ndogo ya mafuta ya nazi kisha akampaka mtoto mwili mzima.

Wataalamu wa mafuta ya kunukia wanapendekeza mafuta ya karafuu yasizidi asilimia 0.5 ya kile kinachopakwa mwilini, yaani matone 10 hivi katika mililita 100, na hiyo ni kwa ngozi ya mtu mzima isiyo na kasoro. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka mtengenezaji aiandike eujenoli kwa jina lake kwenye lebo inapozidi asilimia 0.001 katika vipodozi vinavyobaki mwilini, au asilimia 0.01 katika vinavyosuuzwa. Orodha ya manukato yanayolazimu kuandikwa hivyo ilikuwa na majina 26, na mwaka 2023 ikaongezwa hadi kupita 80. Eujenoli pia ni miongoni mwa vitu 8 vilivyomo katika mchanganyiko wa manukato ambao madaktari wa ngozi hutumia kupima aleji. Hawakuiweka humo kwa kuichukia karafuu. Wameiweka kwa sababu wagonjwa wanaoikataa ni wengi.

Mimea mingine nitaipitia kwa haraka. Mafuta ya maganda ya mdalasini ni makali kuliko karafuu, na mimi siyatii katika kitu chochote kinachobaki mwilini. Mchaichai una sitrali, ambayo nayo imo katika orodha ile. Mlangilangi na asumini harufu yake haina mfano, lakini mafuta yake yanajulikana na madaktari kuwa husababisha aleji, na mwenye ngozi nyeti ayavae kwenye nguo, asiyapake shingoni. Liwa halisi huwataabisha watu wachache tu. Shida ni unga wa bei rahisi uliotiwa rangi na manukato ya kiwandani ukaitwa liwa.

Ndimu ninaitenga peke yake. Juisi na hasa maganda yake yana viini vinavyoitwa furanokumarini, ambavyo vikipigwa na jua huunguza ngozi. Mtu hujipaka ndimu asubuhi ili kuondoa madoa, akaenda pwani, na kesho yake au keshokutwa yake akaamka ana malengelenge, na baada ya hapo doa jeusi linaloweza kudumu miezi. Hapa si suala la ngozi nyeti, kwani yeyote huungua. Kwa jua la visiwa vilivyo nyuzi 5 na 6 tu kusini ya ikweta, sioni sababu yoyote ya kupaka ndimu usoni.

Yapo yanayofaa. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha watoto 117 wenye pumu ya ngozi ya kiwango kidogo hadi cha kati, ulionyesha kuwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani yaliwasaidia zaidi kuliko mafuta ya madini kwa muda wa wiki nane. Ni mafuta matupu, hayakutiwa karafuu wala kitu kingine. Mwenye chunusi asiyapake usoni, kwa kuwa yanaweza kuziba vinyweleo. Na yale tunayoyapika wenyewe kwa tui yachujwe vizuri na kukaushwa maji yote, la sivyo huchacha upesi. Mshubiri nao unafaa, kwa sharti kwamba jani likikatwa lisimamishwe mpaka utomvu wa manjano utoke wote, kisha limenywe na kuoshwa, ukabaki ute mweupe peke yake. Utomvu ule wa manjano huwasha, na watu wengi wanaosema mshubiri umewakataa walipaka jani zima.

Karibuni tujadiliane.

Somo wa Ng'ambo

Waalaykum salaam, Bint Konde. Nimekusoma kwa makini, na nakushukuru kwa hesabu ya tone. Hata hivyo nina neno. Nimewasinga mabiharusi tangu ujana wangu, na aliyenifundisha alifundishwa na bibi yake. Singo yetu ina karafuu, mlangilangi, asumini, mawaridi na liwa iliyosagwa juu ya msio, na wari wetu hutoka na ngozi inayong'ara. Kama vitu hivi vina madhara unayoyataja, mbona hatukuyaona? Pili, wateja wangu wa siku hizi wanataka piko badala ya hina, kwa kuwa inakoza nyeusi na haichukui muda. Nawe una rai gani?

Bint Konde

Somo, nakuamkia, na swali lako ndilo nililolingojea. Singo iliyotengenezwa kwa njia uliyofundishwa ina hifadhi zake ndani yake. Ua na karafuu huingia zikiwa nzima au zimesagwa, mafuta yake mengi bado yamefungika ndani ya unga. Hukandwa na liwa na maji ya mawaridi, hivyo mmea mmoja mmoja ni sehemu ndogo ya bakuli zima. Husuguliwa, ikaanguka chini, kisha mtu akaoga. Tena ni kazi ya siku chache kabla ya harusi, si ya kila asubuhi kwa miaka. Kiasi kidogo, muda mfupi na kusuuza: hayo matatu ndiyo mtaalamu yeyote wa leo angekushauri. Chupa ya mafuta yaliyokenekwa inayavunja yote matatu, kwa kuwa kilichomo ni kikali, kinabaki mwilini, na hupakwa kila siku. Kwa hiyo siitilii shaka elimu ya wazee wetu. Ninachopinga ni kuichukua sifa ya singo na kuibandika kwenye kitu ambacho wazee hawakuwa nacho.

Kwa biharusi mwenye ukurutu, naomba karafuu na mlangilangi uvitoe kabisa, umsinge kwa liwa safi na mafuta ya nazi, wala usimsugue palipopasuka.

Ama piko, hapo sina kauli ya kulegeza. Hina halisi ni majani ya mhina, na rangi yake hutokana na kiini kiitwacho lausoni. Hutoa rangi ya machungwa inayokolea kuwa kahawia, na huhitaji saa kadhaa. Hina pekee mara chache sana humletea mtu aleji. Piko inayokoza nyeusi kwa muda mfupi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali ambayo kwenye paketi huandikwa kwa herufi PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu katika rangi za nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia 2, na haukuruhusu ichorwe juu ya ngozi. Anayechorwa kwa piko leo anaweza asione kitu, kisha safari nyingine mchoro mzima ukavimba, ukatoa malengelenge kwa umbo lile lile la maua aliyochorwa, na ukaacha kovu au ngozi iliyopoteza rangi. Aleji hiyo humfuata. Hatatia tena rangi nyingi za nywele, na mwili wake unaweza kuzikataa baadhi ya rangi za nguo na hata baadhi ya dawa za ganzi. Hayo huwakuta mabiharusi wetu na huwakuta watoto wa wageni wanaochorwa ufukweni. Nakuomba, Somo, kwa nafasi yako, uwe wa kwanza kulikataa jambo hili, kwa sababu biharusi atakusikia wewe kabla ya kumsikia daktari.

Somo wa Ng'ambo

Nimekuelewa, mwanangu. Hina iliyokandwa jioni na kulazwa hukoza vizuri, na mwenye subira hatakosa rangi. Nitawaeleza hivyo.

Muuguzi wa Chake

Naomba kuongezea jambo moja linalotusumbua kituoni. Maelezo mengi ya aleji ya ngozi yameandikwa kwa ajili ya watu weupe, kwa hiyo humwambia mtu atazame wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani kwa wepesi. Tazameni kama sehemu iliyopakwa imekuwa ya moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono, kama imevimba kidogo, imekakamaa, imegeuka rangi ya kijivu au zambarau, au imetoa vipele vidogo vidogo kama vya baridi. Wengi wanaofika kwetu wamechelewa kwa sababu walingoja wekundu usiokuja. Tena uvimbe ukishatulia, ngozi nyeusi huacha doa la giza linalokaa kwa muda mrefu, na mgonjwa huanza kulitibu doa hilo kwa ndimu au kwa mkorogo, akajiongezea balaa juu ya balaa.

Mama Pacha, Fuoni

Mimi nina watoto pacha wachanga, na mmoja ana ngozi inayopasuka mashavuni na kwenye mikunjo ya mikono. Mama mkwe wangu ananisihi nimpake mafuta ya habbasoda, na pia anataka tuwapake hina mwili kwa ajili ya kuwakinga na upele. Namheshimu sana na sitaki kumvunjia moyo. Nifanyeje?

Bint Konde

Mama Pacha, Mungu akukuzie wanao. Nianze na hina, kwa kuwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Wapo watu, hasa wa kiume, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na hali hiyo ni ya kawaida katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi, pwani yetu ikiwemo. Lausoni ya hina hupenya ngozi ya mtoto mchanga, na kwa mwenye upungufu huo inaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu kwa ghafla, mtoto akawa manjano na akapungukiwa na damu kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Yameandikwa na madaktari matukio ya watoto wachanga waliofikwa na hayo baada ya kupakwa hina mwilini. Huwezi kumjua mwenye upungufu kwa kumtazama. Kwa hiyo mtoto mchanga asipakwe hina kabisa, hata kidogo ya mapambo.

Kuhusu habbasoda, sifa zake katika hadithi tunazijua sote na tunaziamini. Ninachozungumzia ni mafuta yaliyokamuliwa, yasiyozimuliwa, juu ya ngozi iliyokwisha kupasuka. Madaktari wameripoti watu waliopata malengelenge makubwa na ngozi kubanduka baada ya kupaka mafuta hayo. Ni matukio machache, lakini mtoto mwenye utando dhaifu si wa kujaribiwa. Mwambie mama kwamba mafuta ya nazi matupu ndiyo yaliyopimwa kwa watoto wenye tatizo kama la mjukuu wake. Ninaamini atalipokea hilo, kwani na yeye alilelewa kwa mafuta ya nazi. Umwogeshe kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, sabuni isiyo na manukato na kidogo tu, na umpake mwili ukiwa bado una unyevu. Mashavu yakitoa maji au yakifanya ukoko wa rangi ya asali, hapo vijidudu vimeshaingia, na ni hospitali moja kwa moja.

Mwani Jambiani

Sisi ni kikundi cha kinamama tunaolima mwani na kutengeneza sabuni. Wageni wanatuuliza kama sabuni ya mwani inafaa kwa ngozi nyeti, na baadhi yetu wanataka tuandike hivyo kwenye karatasi ya kufungia. Tunatia unga wa mwani, mafuta ya nazi, kostiki soda, na mafuta ya karafuu au mchaichai kwa ajili ya harufu.

Bint Konde

Dada zangu wa Jambiani, kazi yenu naithamini, kwani mwani ulipoanza kulimwa kibiashara pwani ile mwaka 1989 ulikuwa wa kuuzwa nje ukiwa mkavu tu, na kuutia thamani hapa hapa ni jambo ambalo kinamama mmelifanya kwa mikono yenu. Mwani wenyewe hauna ugomvi na ngozi. Una karajinani na viini vingine vinavyoshika maji, na ukisuuzwa chumvi na mchanga kisha ukasagwa laini sana hausugui. Tatizo liko kwenye vitu vingine viwili.

La kwanza ni sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kostiki, hata ikitengenezwa kwa ustadi, iko kwenye 9 au 10. Na sabuni ya mafuta ya nazi matupu hutoa povu zuri sana kwa sababu inaondoa mafuta kwa nguvu, pamoja na yale ya ngozi. Mkipunguza kostiki kidogo ili sehemu ya mafuta ibaki bila kugeuka sabuni, mkachanganya na mafuta laini zaidi, na mkaiacha ikomae wiki kadhaa, mtapata sabuni ya upole zaidi, lakini haitakuwa ya mwenye ukurutu. La pili ni harufu. Sabuni husuuzwa, kwa hiyo hatari ya karafuu ni ndogo kuliko kwenye mafuta ya kupaka. Hata hivyo aliyekwisha kuwa na aleji ya eujenoli atawashwa tu.

Ushauri wangu ni kwamba mtengeneze aina moja isiyo na harufu kabisa, na kwenye karatasi muandike kila kilichomo, eujenoli na sitrali zikiwemo kwa zile zenye harufu, bila ya kuandika maneno "kwa ngozi nyeti". Mteja mwenye aleji akisoma atajiamulia mwenyewe, na atawaamini zaidi.

Jambo la uhifadhi pia lisisahauliwe. Mafuta ya kunukia yenye limonini na linaloli, kama ya machungwa na ya mlangilangi, yakipigwa na hewa na joto hubadilika, na kile yanachogeuka ndicho kinacholeta aleji zaidi kuliko mafuta mabichi. Kwa joto la kwetu, chupa iwe ya rangi ya giza, ijazwe karibu na shingo, ifungwe vizuri na iwekwe mahali pa baridi. Chupa ya nusu iliyokaa dirishani msimu mzima haifai tena ngozini, hata kama bado inanukia.

Kijana wa Mkoani

Nina ukurutu tangu utotoni. Nimeuziwa krimu ya mitishamba katika kikopo kisicho na lebo, na kwa siku mbili tu ngozi imetulia kuliko dawa zote nilizowahi kutumia. Muuzaji anasema ni majani na mizizi mitupu. Baada ya kusoma uzi huu nimeingiwa na wasiwasi. Je, nijaribu vipi kama ni salama?

Bint Konde

Kaka, kasi hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Hakuna jani ninalolijua linaloutuliza ukurutu wa miaka mingi kwa siku mbili. Dawa inayofanya hivyo ni steroidi kali, kwa mfano klobetasoli, na katika nchi nyingi krimu zilizouzwa kwa jina la mitishamba zimepimwa zikakutwa na steroidi zisizotajwa. Steroidi ni dawa halali mikononi mwa daktari, anayejua nguvu yake, mahali pa kupaka na siku ya kusimamisha. Ukiipaka bila kujua, ngozi hukonda, huchora michirizi, na ukiacha ghafla maradhi hurudi kwa ukali zaidi. Kwa hiyo usiijaribu ngozini ili kujua usalama wake, kwani kwa steroidi jaribio lolote la siku chache litakupa jibu zuri la uongo. Usiendelee kuipaka, chukua kikopo hicho uende nacho hospitali, Abdulla Mzee iko hapo hapo Mkoani, ueleze umeitumia kwa muda gani, ili waamue namna ya kukuachisha. Na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye dhamana ya vipodozi kwetu chini ya sheria ya mwaka 2006, kwa hiyo muuzaji wa vikopo visivyo na lebo anafaa kuripotiwa kwao.

Kwa kitu ambacho unakijua kilichomo, jaribio liko hivi. Paka kiasi cha sarafu kwenye sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, pahala pale pale, kwa siku 7, na ukiweza ufikishe 14. Kupaka mara moja na kungoja saa moja hakugundui aleji, kwa sababu nilizozieleza mwanzoni. Hugundua kuungua tu. Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mafuta ya kunukia yasiyozimuliwa usiyajaribu kabisa, kwani jaribio lenyewe linaweza kukuunguza au kuuanzishia mwili aleji ambayo haukuwa nayo. Na ukiona yale aliyoyataja Muuguzi wa Chake, yaani joto, uvimbe, ngozi kukakamaa au vipele vidogo, osha kwa maji mengi, usipake kingine juu yake, na uandike jina la kila kilichokuwemo, kwa sababu daktari atakuuliza hilo kwanza.